Tangi Moja Hadi Manda na Kurudi

Tangu nirudi sipumui. Nikienda sokoni naulizwa, nikitoka kanisani naulizwa. Mmoja amesikia nilipeleka maiti Manda, mwingine amesikia nilifukuzwa ukweni, na yupo anayeapa kwamba gari lilivutwa na trekta kutoka Ludewa. Huyo wa trekta namjua na nitaonana naye. Ninyi wengine nawaandikia yote kuanzia mwanzo, halafu mniache nifanye kazi zangu.

Gari mnalijua. Ni ile pikapu nyeupe ya kabini moja, niliyoinyanyua springi na kuivalisha matairi makubwa kuliko yale iliyozaliwa nayo, mpaka mtaa wote wa Mjimwema mkaiita Ghorofa. Mnajua pia kwa nini nilifanya hivyo. Machi ikifika, njia za mashambani zinakuwa uji, na wenye magari ya kawaida wanakaa barazani kusubiri jua. Mimi napita. Nimebeba mbegu za viazi, nimebeba mbao, nimebeba wagonjwa, na mara moja nimebeba kwaya pamoja na kinanda chao.

Lakini ukweli usemwe: tangu matairi yale yaingie, Ghorofa ilikuwa inakunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka kulamba chumvi. Mama Upendo, mke wangu, alivumilia msimu mmoja. Msimu wa pili akanitafutia mnunuzi, mtu wa Makambako anayependa magari marefu, na akachagua kabisa kirikuu cha kununua badala yake. Kirikuu! Mtu wa kimo changu nikae kwenye kigari kile magoti yakigusa masikio, tena mbele yenu.

Upendo, binti yetu wa kwanza, alikuwa apate kipaimara Jumapili, na bibi yake mzaa mama alipaswa kuletwa kutoka Manda, kule chini kwenye Ziwa Nyasa. Hapo ndipo Mama Upendo aliponiwekea sharti.

“Jaza tangi Makambako mbele ya macho yangu,” alisema. “Tushuke Manda, tumchukue mama, turudi mpaka getini kwetu bila kuongeza hata kikombe. Likifika, sitafungua mdomo tena. Likilala njiani, nampigia yule mnunuzi palepale lilipolala.”

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Makambako

Kabla ya kujaza tangi tulipita kwa Fundi Luka, ambaye ndiye aliyeninyanyulia gari mwanzoni. Alilizunguka mara mbili akiguna.

“Wewe, Baba Upendo, umelivisha koti la chuma, halafu unashangaa linatoka jasho.”

Akatoa karia ya juu ya kabini na taa zake zote sita. Akatoa bampa la chuma la mbele, lile mnaloliita geti la gereza. Niliumia, sifichi, maana gari lilibaki kama mtu aliyenyolewa nywele kwa nguvu. Akasafisha noseli za kunyunyizia dizeli, akabadilisha chujio la hewa lililokuwa limejaa vumbi jekundu, akanyoosha magurudumu yaliyokuwa yanatazama pembeni. Kisha akapima matairi na kunitazama kwa masikitiko.

“Huu upepo ni wa tope,” alisema. “Ulishusha ili upite shambani, sasa unatembea nao kwenye lami. Gari linaburuza miguu.”

Akajaza upepo unaotakiwa. Mwisho akagonga bodi la nyuma kwa kiganja. “Na hili likiwa wazi linakinga upepo kama beseni. Funika.” Akapiga fito nne za mbao kutoka upande mmoja hadi mwingine, zimepinda kidogo kwa juu, na juu yake tukavuta turubai mpaka likawa gumu kama ngozi ya ngoma. Turubai lililokuwepo dukani lilikuwa jeusi. Kamba zilizokuwepo zilikuwa nyeupe. Kumbukeni rangi hizo.

Jirani mmoja wa gereji alinishauri niwe nashuka milima kwa frii ili kuokoa mafuta. Luka alimkatiza kwa ukali. “Asikudanganye. Acha gia ndani, toa mguu kwenye mafuta. Injini itakuwa karibu haili kitu, na breki zako zitabaki hai. Ukishuka kwa frii kule Ludewa tutakuja kukuzika.”

Kwenye sheli Mama Upendo alisimama karibu na mhudumu mpaka dizeli ikatoa povu mdomoni mwa tangi. Halafu akafunga kifuniko mwenyewe, akachomoa ufunguo wake, akaufunga kwenye pindo la khanga.

“Sasa twende,” alisema.

Makambako hadi Njombe

Nilishika mwendo ambao mabasi ya Songea yanauchukia. Nilipanda gia mapema, nilikanyaga mafuta kama mtu anayekanyaga mayai, na nilipoona mlima kwa mbali nilianza kujiandaa nao tangu bondeni. Lori la mbao likatupita. Baadaye likatupita lingine, na utingo wake akatupungia mkono wa huruma.

“Kwa mwendo huu,” alisema Mama Upendo, “Upendo atapata kipaimara akiwa na wajukuu.”

Mimi nilikuwa nimeona kitu. Pembeni mwa lami kuna mawe ya kilomita, mnayapita kila siku bila kuyatazama. Mimi nilianza kuyatazama pamoja na mita yangu. Tulipopita mawe kumi, mita ilisema tisa. Nikadhani nimekosea. Nikahesabu tena kumi mengine, mita ikasema tisa tena.

Nikapaza sauti mpaka Mama Upendo akashika dashi bodi. Mnaelewa? Tairi kubwa likizunguka mara moja linafika mbali kuliko dogo, lakini mita haina habari kwamba nilibadilisha matairi. Bado inahesabu yale ya zamani. Kila kilomita kumi tulizowahi kwenda, gari lilipewa tisa tu, na kwa hesabu hizo hizo mke wangu alikuwa amelihukumu misimu miwili.

“Kwa hiyo gari lako ni la uongo,” alisema.

“Si la uongo. Linajipunja! Limefanya kazi kuliko lilivyosifiwa.”

Niliona naye anayachungulia mawe mpaka tukaingia Njombe. Usiku ule, nyumbani, ufunguo wa tangi ulilala chini ya mto wake.

Njombe hadi Ludewa

Tuliondoka alfajiri. Ukweni huendi mikono mitupu, kwa hiyo nyuma nilikubali gunia moja la viazi na kigoda cha kupandia, maana mama mkwe asingeweza kupanda Ghorofa bila ngazi. Ukungu ulikuwa mzito, tukawasha taa. Tulikata Itoni, tukaacha misitu ya misindano, na kuanzia Lusitu tukaingia kwenye barabara ya zege inayoteremka kwa kona za kuzunguka mabonde. Mguu wangu ulikuwa nje ya mafuta, gia ndani, kama Luka alivyoagiza, na mshale wa mafuta ulikaa palepale kama umepigwa msumari. Nilikuwa naimba.

Mzee mmoja pembeni mwa barabara akavua kofia tulipopita. Nikampungia. Mbele kidogo wanawake waliobeba kuni wakasimama, wakatua mizigo, wakainamisha vichwa. Nikampungia kila mmoja.

“Watu wa huku wana adabu sana,” nilisema.

“Huku ni kwetu,” alijibu Mama Upendo, akakaa sawasawa kwenye kiti.

Dereva wa lori lililobeba mbolea alituachia barabara yote na kuzima redio yake. Nilidhani anashangaa ukubwa wa matairi, na nikapunguza mwendo zaidi ili ayaone vizuri.

Mawengi tulisimama kunywa chai. Mwenye mgahawa alitoka nje, akalitazama gari kwa muda, akatuletea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha kabla hatujaagiza, na kwa sauti ya chini akasema, “Poleni sana.”

“Tumeshapoa,” nilimwambia. “Barabara ni nzuri siku hizi.”

“Mnakwenda mpaka wapi?”

“Manda, kwa Mama Kastori. Mimi ni mkwe wake wa Njombe.”

Mtu yule akashika kifua. Akaingia ndani na simu yake sikioni. Tulikula, tukashukuru, tukaondoka polepole. Ndiyo kwanza nilijisikia mtu mkubwa.

Manda

Nyumba ya mama mkwe iko karibu na ufukwe, na unapoiona unakuwa umeshaona ziwa. Siku hiyo sikuona ziwa. Niliona watu. Uwanja ulijaa, mikeka imetandikwa, kuni zimepangwa, masufuria makubwa yapo motoni, na wanawake wamejifunga vichwa wanalia.

Mama Upendo aliruka kabla gari halijasimama. Kwa urefu wa Ghorofa, lile si jambo dogo. “Mama!” alipiga kelele. “Mama yangu!” Aliona msiba nyumbani kwao, angedhani nini kingine? Na kutoka mlangoni akatoka mama mkwe mwenyewe, mzima, ameshikwa mikono na wanawake wawili, naye analia akimwangalia binti yake kana kwamba haamini.

“Ni nani?” aliuliza mama.

“Ni nani?” aliuliza binti.

“Ni Upendo?”

“Upendo yuko nyumbani! Hapa amekufa nani?”

Wakashikana pale katikati ya uwanja wakiulizana, na mimi nikashuka. Kastori, shemeji yangu, alikuwa tayari nyuma ya gari na wanaume wengine, wamevua kandambili, wako tayari kupokea maiti. Ndipo nilipolitazama gari langu kwa macho yao: jeupe, taa zinawaka mchana, mwendo wa pole, turubai jeusi limevutwa na kufungwa kwa kamba nyeupe. Mtu wa Mawengi alikuwa amepiga simu kwa binti yake aliyeolewa pale kijijini, na habari zilikuwa zimetutangulia.

Nikafungua kamba. Kilio kikanyamaza. Nikafunua turubai lote, watu wakasogea, na wakaona gunia la viazi na kigoda.

Kisha bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa amekaa mbele kabisa kwenye mkeka, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala ubavu, na uwanja mzima ukamfuata. Hata mke wangu alicheka, machozi ya kilio bado yapo mashavuni.

Tulikula vizuri siku ile. Ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma, mwenye mafuta yanayochuruzika mpaka kiwikoni. Nilimwonyesha Kastori mshale wa mafuta, uko juu ya nusu bado, na nikawaeleza wanaume wote habari za upepo wa tairi na mawe ya kilomita. Nilijisifu, ndiyo. Kastori alisikiliza mpaka mwisho.

“Umeteremka tu, shemeji,” alisema. “Mlima hujaupanda.”

Na mlima haukuwa peke yake. Watu walikuwa wameleta unga wa muhogo, mchele, dagaa na mahindi kwa ajili ya kilio, na kwao chakula cha kilio hakirudi kilikotoka. Anayekirudisha nyumbani kwake anakuwa amekikaribisha kilio mlangoni. Wazee wakakaa, wakaamua: kwa kuwa jina lililotajwa pale uwanjani ni la Upendo, basi kiende kwenye kipaimara cha Upendo. Gunia la kwanza likapandishwa. Nikasema asante. Likapandishwa la pili, na la tatu, na matenga ya dagaa. Ukweni mkwe hasemi “basi, inatosha.” Nilisimama pale nikisema asante, asante, huku nikiona springi zangu zinashuka.

Manda hadi Mawengi

Asubuhi ya kuondoka, mama mkwe alikataa kuingia kabini.

Niwaeleze wale wasiojua. Mama huyu anashika heshima ya zamani. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunitazama usoni wala kunisemesha moja kwa moja. Hanichukii. Kila mavuno ananitumia mchele. Ila kwake yeye mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega, na neno lake kwangu hupita kwa mtu mwingine. Sasa kabini ni moja, kiti ni kimoja.

“Mwambie mkwe afungue turubai,” alimwambia binti yake, mimi nikiwa hatua mbili tu kutoka hapo. “Nitakaa nyuma na magunia.”

Kufungua turubai maana yake ni kukinga upepo wote wa mlimani, na mafuta kwisha. Lakini kweli tupu, hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba ningemfikisha Njombe mama wa watu ameganda kwa baridi.

Mama Upendo ndiye aliyetatua. Alichukua kitenge cha mama yake, cha bluu chenye maua ya njano, akafunga ncha moja kwenye mshikio wa juu na nyingine kwenye komeo la dirisha la nyuma. Pazia. Yeye akakaa katikati upande wangu, mama akapanda kwa kigoda akakaa dirishani, nyuma ya maua.

Mlima ukaanza. Jamani, nilikuwa nimeuteremka nikiimba. Sasa Ghorofa ilinguruma kwa gia ya pili, magunia yakiivuta nyuma, na mshale ule uliokuwa umepigwa msumari ukang'oka. Kila kona ulishuka. Jasho lilinitoka, na nilisikia pazia likiuliza.

“Mwulize mkwe kwa nini hasemi.”

“Mama anauliza kwa nini husemi.”

“Mwambie mama nasikiliza injini.”

“Mwambie mkwe injini inalalamika.”

Ludewa tulipita bila kusimama. Mawengi tulisimama kupoza injini. Yule mwenye mgahawa alipoona mlango unafunguliwa na Mama Kastori anashuka kwa kigoda, aliangusha birika. Aliomba radhi kwa kila mtu, pamoja na gari. Halafu, kabla sijaweza kuzuia, akaniletea jogoo wa kufuta makosa. Akafungwa miguu, akawekwa juu ya magunia. Na yeye ana uzito wake.

Mawengi hadi Mjimwema

Taa ya mafuta iliwaka kabla ya Lusitu. Ni taa ndogo ya njano, lakini kabini nzima ilionekana kuwa njano. Mama Upendo aliitazama, akanitazama, akafungua mkoba akahakikisha simu iko humo.

Nyuma ya pazia sauti ikasema polepole, “Mwambie mkwe, kama mimi ndiye mzigo, anishushe hapa. Basi litapita.”

Mama Upendo hakuwahi kufikisha ujumbe ule. Nilijibu kabla yake. “Mwambie mama, nitamwaga unga, nitamwaga dagaa, nitamshusha jogoo aende kwa miguu. Mama hashuki. Na kama gari hili linauzwa kwa sababu lilimbeba mama, basi liuzwe.”

Nilisema kwa hasira, na nilimaanisha. Mama Upendo akageuza uso kutazama mbele, na sikumwona tena akigusa mkoba kwa kitambo kirefu.

Hamkuwepo, lakini ningependa mngeniona nilivyoendesha sehemu ile. Mguu wangu wa kulia ulikuwa mwepesi kuliko wa mtoto. Kila mteremko niliutumia mpaka tone la mwisho, kila tambarare niliipita bila kukanyaga breki. Itoni tukaiona. Njombe mjini tukaingia jua likiwa bado juu ya miti. Masheli yalikuwa kushoto na kulia, yote yana wahudumu wamesimama wanatutazama, na mimi nikatazama mbele kama bwana harusi.

Tukakunja kuingia Mjimwema. Tukapita kanisa, tukapita duka la pembejeo, tukapanda kile kilima kidogo cha kwetu. Geti nikaliona, lile la bluu. Ndipo Ghorofa ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, na ikanyamaza.

Ilikuwa imebaki kama urefu wa uwanja wa mpira wa wavu. Nilivuta breki ya mkono, nikakaa. Mama Upendo akatoa simu. Hakuipiga, aliishika tu mapajani, na naapa kwamba uso wake haukuwa na furaha.

Nilishuka. Nikazunguka nyuma, nikaweka bega kwenye bodi, nikamwambia Mama Upendo aachie breki na ashike usukani. Nikasukuma. Magunia ya Manda hayakutikisika hata kidogo. Nikasukuma tena mpaka nikaona nyota.

Nikasikia kigoda kikitua chini upande wa kushoto. Nikasikia kandambili. Mama mkwe akatokea pembeni mwa gari, kitenge cha bluu amekifungua kwenye pazia na kukifunga kiunoni, mikono ya sweta ameikunja. Akasimama kando yangu, akaweka bega lake kwenye bodi, bega la mwanamke aliyelima mpunga maisha yake yote, limegusana na langu. Akanitazama usoni.

“Sukuma, mwanangu,” alisema.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Gari likasogea. Majirani mkaja, wengine wenu mlikuwepo, Upendo akatoka anakimbia, na tukapanda kilima kile sote, mpaka matairi yangu makubwa ya mbele yakapita geti la bluu.

Mama Upendo alishuka na simu mkononi, hajui aiweke wapi. Mama yake alikuwa anahema, ameegemea bodi.

“Weka simu hiyo,” alimwambia. “Ulisema lifike getini bila kuongeza kitu. Kuna aliyeongeza?”

“Hakuna, mama. Lakini lililala njiani.”

“Halikulala. Lilikuwa linasubiri nishuke.”

Mke wangu alicheka. Akafungua pindo la khanga mbele ya majirani wote, akatoa ufunguo wa tangi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Jioni ile akampigia mwenyewe yule mnunuzi wa Makambako, akamwambia atafute gari kwingine.

Jumapili mlikuja, mkala wali wa kilio na jogoo wa Mawengi, na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo naomba isisemwe tena habari ya trekta. Hakuna trekta lililonigusa. Aliyenisukuma ni mama mkwe, na nitalisema hilo popote nitakaposimama.

Wiki iliyofuata nilimrudisha Manda. Turubai nililifunga kwa kamba nyekundu. Kitenge cha bluu kilikuwemo kabini pia, ila safari hii alikuwa amekivaa.